Jicho la Kupachika Kwenye Miwani
OrCam MyEye ni kifaa kidogo kama kidole: toleo la pili, la 2017, lina uzito wa gramu 22.5 na linanasa kwa sumaku kwenye fremu ya miwani, kamera mbele, spika karibu na sikio. Mwenye uoni hafifu ananyoosha kidole kwenye ukurasa, kamera inapiga picha, naye anasomewa barua ya benki hapo hapo bila intaneti, na bila kumwita mpwa wake atangaze salio mbele ya wageni. Hiyo siri ndiyo inayonivutia kuliko teknolojia yenyewe. Waanzilishi wa kampuni ya OrCam, Amnon Shashua na Ziv Aviram wa Israeli, ndio hao hao wa Mobileye, kampuni ya kamera za magari. Gari lilianza kuona, binadamu akafuata. Mwandiko wa daktari unakishinda kifaa hiki (nani haumshindi?), chupa ya dawa sharti uizungushe ili isomwe, na bei yake imekuwa maelfu ya dola. Ndiyo maana wengi wanabaki na simu, ambayo kwa programu ya bure kama Seeing AI ya Microsoft inasoma pia. Ila mkono mmoja umeshika simu, wa pili fimbo nyeupe. Karatasi ataishika na nini?