Lusenda: Mashine ijirekebishe, lakini isipewe funguo zote za nyumba

Seva ikizimika Lusenda, fundi hayuko karibu. Kambi hii ya wakimbizi wa Burundi, iliyofunguliwa mwaka 2015 kando ya ziwa Tanganyika katika teritwari ya Fizi, iko kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka. Wakaaji wanajua mvua inavyoifanya barabara hiyo. Na tangu Bukavu ianguke mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025, kumleta fundi kutoka mji mkuu wa jimbo si jambo la kupiga simu tu.

Ndiyo maana mashirika, vituo vya afya na kampuni za simu zinazofanya kazi sehemu kama hizi zinavutiwa na njia moja: kuiacha mashine ijirekebishe. Programu ya ufuatiliaji huipima seva kila baada ya muda mfupi: diski imejaa kiasi gani, betri imebaki na nguvu gani, rezo inapita au haipiti. Kipimo kikivuka mpaka uliowekwa, onyo linatoka. Zamani onyo hilo liliishia kwenye simu ya fundi. Sasa onyo lenyewe linaweza kuendesha skripti, yaani mfululizo wa amri zilizoandikwa mapema, kwenye seva iliyo mbali, bila kumngoja mtu.

Kwa Lusenda, Baraka na vijiji vya ziwani, njia hii ni nzuri na inafaa kukubaliwa. Lakini mkono unaopewa mashine uwe mfupi, na wenye data wajue unafika wapi.

Onyo lisilo na mkono ni kelele

Faida yake inaonekana hasa kwenye umeme. Ofisi inayotegemea paneli za jua au jenereta hupoteza nguvu ghafla. Seva ikikatika ikiwa katikati ya kuandika, hifadhi ya data inaweza kuharibika, na pamoja nayo kadi za wagonjwa au orodha za watoto wa shule. Onyo la saa nane za usiku kwenye simu ya fundi aliyelala Uvira halisaidii kitu. Skripti inayofunga programu moja baada ya nyingine na kuizima seva taratibu betri inapokaribia kuisha, hiyo inaokoa kazi ya miezi.

Wala si teknolojia ya matajiri. Nagios na Zabbix, programu mbili zinazojulikana sana kwa ufuatiliaji, zinapatikana bure na zina uwezo huu kwa miaka mingi. Mwongozo wa Nagios unatoa mfano wenye busara: huduma ya wavuti ikianguka, skripti haikurupuki. Programu inapima tena, na ni katika kipimo cha tatu ndipo inaiwasha upya huduma hiyo. Katika eneo ambalo rezo hupotea dakika mbili na kurudi, subira hiyo ni ya lazima. Bila hiyo, mashine itazima na kuwasha kitu kizima usiku kucha.

Mlango wa fundi ni mlango wa mwizi

Hata hivyo, anayeweza kuamuru seva kutoka mbali ameshika ufunguo. Swali ni nani mwingine anaweza kuuokota.

Tarehe 2 Julai 2021, wahalifu waliingilia programu ya kampuni ya Kaseya ya Marekani, ambayo mafundi huitumia kusimamia kompyuta za wateja wao kutoka mbali. Hawakuhitaji kuvunja kila ofisi. Walituma amri zao kupitia njia ile ile ya fundi, na kampuni kati ya 800 na 1,500 zikafungiwa data zao ili zilipe fidia. Huko Sweden, mamia ya maduka ya Coop yalifunga milango kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi.

Tukio jingine linawagusa zaidi watu wa Fizi. Mwezi Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba seva zake zilikuwa zimeingiliwa tangu Novemba 2021. Data za watu zaidi ya 515,000 zilifikiwa, wakiwemo waliotengana na familia zao kwa vita au uhamaji, watu waliopotea na wafungwa. Wavamizi walipitia kasoro ya programu ambayo ilikuwa haijazibwa. Halikuwa suala la skripti za maonyo, lakini somo linabaki. Kwa mkimbizi, jina, kijiji alichotoka na mahali anapolala si habari za kawaida. Zikifika kwa anayemtafuta, zinaweza kumgharimu maisha.

Mpaka uwekwe wapi

Kwanza, skripti ifanye mambo madogo yanayoweza kurudishwa: kuwasha upya huduma, kuzima seva kwa utaratibu, kuhamia kwenye rezo ya pili. Kufuta mafaili, kubadilisha haki za watumiaji au kugusa hifadhi ya data kubaki kazi ya mtu. Skripti inayofuta "mafaili ya zamani" kwa sababu diski imejaa haitambui kama faili hilo ni takataka au ni kumbukumbu ya chanjo.

Pili, isiendeshwe kwa mamlaka ya juu kabisa ya seva. Ipewe akaunti yake, yenye ruhusa ya amri chache zilizoorodheshwa. Waliotengeneza Zabbix wanaijua hatari hii: programu yao ndogo inayowekwa kwenye seva inayochungwa huja ikiwa imefungiwa amri za mbali, mpaka msimamizi aifungue mwenyewe. Anayeifungua asifungue yote kwa uvivu.

Tatu, kila tendo la mashine liandikwe, na mtu mwenye jina alisome. Skripti iliyowasha upya huduma ile ile mara nyingi kwa wiki moja haijatibu kitu, imeficha ugonjwa.

Nne, sheria ipo. Kanuni ya dijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data za watu na kumtaka anayezishika azilinde. Haisemi kwamba wakimbizi wako nje. Kila shirika linaloweka mfumo wa namna hii liweze kuwaeleza viongozi wa eneo na kamati za wakimbizi, kwa lugha wanayoielewa, nani anaamuru mashine zinazoshika majina yao.

Kuna kishawishi kimoja cha kukataa wazi. Tangu pesa za misaada zipungue mwaka 2025, ni rahisi kwa wafadhili kusema: skripti ipo, fundi wa kazi gani? Jibu lilitolewa tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa, nalo likajiweka lenyewe na kuangusha kompyuta karibu milioni 8.5 za Windows duniani. Kosa liliondolewa katika dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea dawa kutoka mbali. Ilibidi mtu aende kwenye kila moja kwa miguu yake.

Huyo mtu, kwa Lusenda, atoke wapi? Baraka ina vijana waliosoma, na kambini wamo pia. Wafundishwe, walipwe, wawe na funguo za chumba cha seva. Mashine ishike zamu ya usiku, na asubuhi awepo mtu wa hapo hapo wa kuikagua.