Acheni Kuzisingizia Betri za Kuchaji

Kila nikimshauri mtu ahamie betri za kuchaji nyumbani, jibu ni lile lile: "Hizo hazidumu." Anayesema hivyo ndiye huanika betri za tochi juani na kuziuma kwa meno ili apate mwanga wa dakika kumi zaidi. Haya, leo nijibu yote mara moja.

Kwanza, mnalaumu betri kwa makosa ya lebo. AA nzuri ya Ni-MH hubeba kama 2,000 hadi 2,700 mAh. Kile kikopo hakina nafasi ya kubeba mara mbili ya hiyo. Kwa hivyo ukiona AA za Ni-MH za bei ya kutupa zimeandikwa 5,000 mAh, umedanganywa mchana kweupe. Mtu hununua hizo, zikifa anaitukana teknolojia nzima.

Pili, "chaji inaisha hata usipozitumia." Hilo lilikuwa kweli kwa zile za zamani. Mwaka 2005 Sanyo walitoa Eneloop, ambazo hubaki na sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka mzima, na kampuni nyingine zikafuata. Tafuta aina hiyo.

Tatu, "volti 1.2 hazitoshi." Betri ya alikali huanza na 1.5, kisha hushuka kadiri unavyoitumia, na nguvu nyingine huitoa ikiwa chini ya 1.2. Ni-MH hukaa karibu na 1.2 karibu hadi mwisho. Vifaa vingi havioni tofauti.

Mkosaji halisi mara nyingi ni chaja. Chaja ya bei rahisi haijui betri imejaa, basi huzipika usiku kucha. Nunua inayopima kila betri peke yake na kujizima.

Sasa hesabu. Tuseme tochi inakula jozi ya shilingi 80 kila wiki mbili. Kwa mwaka ni jozi 26, yaani shilingi 2,080, na betri 52 za kutupa. Weka bei za duka la mtaani kwako, kisha ulinganishe na jozi mbili na chaja moja unayotumia miaka.

Hizo 52 huenda wapi? Choo cha shimo, shambani, au kwenye moto wa takataka. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inawabebesha watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zikishakuwa taka, lakini haitakuja kuokota betri uani kwako.

Saa ya ukutani iache na betri ya kawaida, inakula kidogo mno. Tochi, redio, kipanya na vidude vya watoto, hamisha. Jozi moja kazini, nyingine kwenye droo imejaa. Stima ikipotea saa mbili usiku, hutahitaji kukimbilia dukani.