Mtambo wa Dean haukutiwa bambo

Mfanyabiashara wa nafaka hanunui gunia kwa maneno ya muuzaji. Hutia bambo, akatazama punje, ndipo akataja bei. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akiletewa mtambo wa kisasa wenye hataza na picha za kuvutia, huwa tayari kutoa mtaji bila kupima chochote.

Mfano mzuri ni wa Norman Dean wa Washington, Marekani. Mwaka 1959 Dean, ambaye uvumbuzi ulikuwa shughuli yake ya pembeni, alipewa hataza namba 2,886,976 ya mtambo wa kugeuza mwendo wa mzunguko kuwa mwendo wa kuelekea upande mmoja. Mwaka uliofuata, John W. Campbell, mhariri wa jarida la hadithi za kisayansi la Astounding, aliunadi kuwa ndio injini ya safari za angani.

Dai lenyewe lilikuwa zito. Tairi husukuma barabara, kasia husukuma maji, na roketi hutupa gesi nyuma ili yenyewe iende mbele. Mtambo wa Dean ulidaiwa kwenda bila kusukuma kitu, kwa vyuma vinavyozunguka ndani yake tu. Ulipowekwa juu ya mizani ya bafuni, ulionekana kupungua uzito.

Mwenye mashine ya kusaga anaweza kueleza kilichotokea. Jenereta isiyofungwa kwa bolti hutembea yenyewe sakafuni kwa sababu ya mtikisiko na msuguano, wala hakuna anayesema itaruka. Mizani ya springi nayo, ikitikiswa kwa kasi, husoma uongo.

Kipimo cha kweli kilikuwa rahisi, nacho ni kamba ndefu. Mtambo ukining'inizwa na kuwashwa, ukabaki umejivuta upande mmoja, una nguvu. Ukiyumba huku na huko palepale, hauna. Dean hakukubali wataalamu huru waupime. Jerry Pournelle, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Boeing, aliandika baadaye kwamba Dean alitaka fedha na ahadi ya tuzo ya Nobel kabla ya kuuonyesha. Alifariki mwaka 1972 bila mtambo wake kurusha chombo chochote.

Watetezi wa wavumbuzi wadogo watasema Dean aliogopa kuibiwa. Hoja hiyo haina uzito, kwa kuwa kazi ya hataza ndiyo hiyo: mvumbuzi huweka siri yake hadharani, na sheria humlinda. Lakini hataza si cheti cha ubora. Inathibitisha kwamba wazo limesajiliwa, si kwamba mtambo unafanya kazi.

Linganisha na EmDrive ya Mwingereza Roger Shawyer. Mwaka 2016 watafiti wa NASA walitangaza kwamba wameona msukumo mdogo sana. Mwaka 2021 wenzao wa Dresden, Ujerumani, walipima upya wakakuta ni joto lililokuwa likidanganya vipimo. Wazo lilianguka, lakini lilianguka maabara, si mfukoni mwa mwekezaji mdogo.

Somo ni moja. Mvumbuzi anayeruhusu mtambo wake upimwe na mtu asiye na hisa anastahili kusikilizwa, hata kama wazo lake ni la ajabu. Anayetaka fedha kwanza na kipimo baadaye anauza mbuzi kwenye gunia.