London yaondoa duwari zake kubwa

Familia nyingi za Muscat, Dubai na Doha huenda London wakati wa joto, na wengi hufikia karibu na Edgware Road. Aliyewahi kukodi gari huko anajua: gari zinashika kushoto, na duwari unaizunguka kama unavyokwenda mshale wa saa. Dar es Salaam wanaiita kipilefti, jina ambalo Muscat lingechekesha maana huku tunashika kulia.

Sheria ya kumpisha anayetoka kulia kwako Uingereza waliianza mwaka 1966. Kabla ya hapo gari zilijazana ndani ya duwari mpaka zinafungana, hakuna anayetoka. Sheria ile ndiyo iliyozifanya duwari zifae.

Sasa mbona London inaziondoa? Elephant and Castle, Highbury Corner, Old Street: zote duara limekatwa upande mmoja, zikawekwa taa na gari zinakwenda na kurudi.

Si kwamba duwari ni mbaya. Njia panda ya kawaida ina sehemu 32 ambapo gari zinaweza kugongana. Duwari ndogo ya leni moja ina 8 tu. Tena inakulazimisha upunguze mwendo, na hakuna wa kukuingia ubavuni kwa kasi. Ajali ikitokea, mara nyingi linaloumia ni bati.

Lakini zile kubwa za leni tatu nne ni habari nyingine. Gari hazipunguzi mwendo. Mwenye baskeli anayepita ukingoni anakatwa na gari linalotoka. Dereva anayeingia macho yote yako kulia anatafuta nafasi, na mtoto anayevuka upande wa kushoto hamwoni. Kwa miaka mingi dawa yao ilikuwa kuwateremsha watu wa miguu kwenye njia za chini ya ardhi, mama na kigari cha mtoto anashuka na kupanda ili gari zisisimame. Hapo London imefanya la haki, hata kama mwenye gari atakaa kwenye taa.

Kwa wanaokwenda mwaka huu: tangu Januari 2022 kanuni za barabara za Uingereza zinamtaka dereva ampe nafasi mwenye baskeli aliye ndani ya duwari, amwachie apite mbele yake. Na mkiwa kwa miguu na watoto, vukeni kwenye taa, hata kama ni mbali kidogo.