Anayeingia kwenye bendi aachwe atunge

Bendi kongwe ikibadilisha wanamuziki, mashabiki huanza kuhesabu vichwa. Wa zamani wamebaki wangapi? Wakibaki wawili kati ya watano, hazikosekani sauti za kusema kwamba bendi imeshakufa na kilichobaki ni jina la kuuzia tiketi. Malalamiko hayo yana uzito wake, maana shabiki analipa fedha halisi na ana haki ya kujua anachonunua. Hata hivyo, naona hesabu hiyo inaanzia pabaya. Kabla ya kuuliza nani ameondoka, tumtazame aliyeingia: amekuja na nyimbo zake, au amekodiwa aimbe kama aliyemtangulia? Uhai wa bendi uko kwenye jibu la swali hilo. Na kama kuna bendi ya roki inayoweza kutupa ushahidi wa kutosha, ni Fleetwood Mac, iliyoanza London mwaka 1967 na kupitisha mikononi mwake wapiga gitaa na waimbaji wengi kuliko bendi nyingi za rika lake.

Mwanzilishi wake alikuwa Peter Green, mpiga gitaa aliyetoka kwenye bendi ya John Mayall. Kwa namna isiyo ya kawaida kwa kiongozi, hakuipa bendi jina lake. Aliunganisha majina ya mpiga drams, Mick Fleetwood, na mpiga besi, John McVie, ambaye wakati huo alikuwa bado kwa Mayall na alijiunga wiki kadhaa baada ya bendi kuanza. Ilikuwa bendi ya bluzi, na wimbo wake wa ala tupu, "Albatross", ulishika namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1969. Mwaka uliofuata Green akaondoka. Februari 1971, bendi ikiwa ziarani Los Angeles, mpiga gitaa Jeremy Spencer alitoka hotelini akisema anakwenda duka la vitabu, hakurudi. Siku kadhaa baadaye alikutwa amejiunga na kundi la kidini la Children of God. Mwaka 1972 wa tatu, Danny Kirwan, alivunja gitaa lake kabla ya onyesho na kukataa kupanda jukwaani, akafukuzwa. Katika miaka michache tu wapiga gitaa wote watatu waliokuwa sura ya bendi wakawa wametoweka. Kwa kanuni ya kuhesabu vichwa, Fleetwood Mac ilipaswa kuzikwa hapo.

Kilichofuata kinaonyesha jina peke yake lina thamani gani. Mwaka 1973 ziara ya Marekani ilivunjika baada ya kubainika kwamba mpiga gitaa mwingine, Bob Weston, alikuwa na uhusiano na mke wa Fleetwood. Meneja wao, Clifford Davis, akadai jina ni mali yake. Mwanzoni mwa 1974 akakusanya wanamuziki wengine kabisa na kuwapeleka Marekani kutumbuiza wakiitwa Fleetwood Mac, bila Fleetwood na bila McVie. Watazamaji waligundua, kesi ikafunguliwa, bendi ya bandia ikasimama. Wanaosema "jina ni biashara tu" wautazame mkasa huu vizuri. Jina lilikuwepo, mabango yalikuwepo, nyimbo za kukariri zilikuwepo, na watu hawakudanganyika. Mdundo wa drams na besi za wawili wale ulikuwa na mkono wake, na hauazimwi.

Lakini mdundo nao hauleti nyimbo. Mwishoni mwa 1974 Fleetwood alikwenda kukagua studio ya Sound City huko Van Nuys, California. Fundi wa sauti, Keith Olsen, alimpigia wimbo wa vijana wawili waliowahi kurekodi hapo, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, ili tu asikie ubora wa studio. Fleetwood alimtaka mpiga gitaa peke yake. Buckingham akasema hawezi kuja bila mwenzake. Hapo bendi ilikuwa na njia mbili: iwape wageni hawa orodha ya nyimbo za bluzi za Green wazirudie, au iwaulize wana nini mfukoni. Ikachagua ya pili. Nicks alifika na "Rhiannon" na "Landslide", nyimbo alizozitunga kabla hata ya kuijua bendi hiyo kwa ndani, na Buckingham akaja na zake. Christine McVie, mpiga kinanda aliyejiunga mwaka 1970, naye akaendelea kutunga pembeni yao. Albamu ya 1975 ilichukua zaidi ya mwaka kupanda hadi namba moja Marekani. Iliyofuata, Rumours ya 1977, ilikaa kileleni wiki 31 na imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Waliokuwa wakimlilia Peter Green hawakupata bluzi yao, na sidhani kama wamewahi kusamehe. Walichopata ni bendi hai.

Mpinzani makini atanikamata hapa. Atasema: mbona Buckingham na Nicks walipokuwa wameshaondoka, bendi iliwaingiza Bekka Bramlett na Dave Mason, ikawaacha watunge, na albamu ya Time ya 1995 haikuonekana hata kwenye chati ya albamu 200 za Marekani? Ni kweli, na sitalipamba anguko hilo. Uhuru wa kutunga haumhakikishii mtu kutunga vizuri. Ila tulinganishe na hatua ya Aprili 2018, Buckingham alipofukuzwa na nafasi yake kuchukuliwa na Mike Campbell na Neil Finn. Wote wawili ni watunzi waliobobea. Mmoja alitoka bendi ya Tom Petty, mwingine Crowded House. Ziara ilijaza kumbi, wakaruhusiwa nyimbo chache za walikotoka, na usiku uliobaki ukawa wa nyimbo zilezile. Albamu haikutoka. Time ilikuwa jaribio lililoshindwa la bendi iliyokuwa bado inafanya kazi. Ziara ile ilifanikiwa kifedha, na haikuongeza hata wimbo mmoja kwenye historia ya Fleetwood Mac. Mimi naheshimu zaidi la kwanza.

Wapo watakaosema mashabiki ndio wanaotaka hivyo: wananunua tiketi wasikie nyimbo za ujana wao, si majaribio ya wageni. Sina ugomvi na burudani ya kumbukumbu, mradi iitwe kwa jina lake. Queen walifanya hivyo kwa uungwana. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, alipofariki Novemba 1991, wenzake hawakudai kwamba mtu mwingine amechukua nafasi yake. Walipopanda jukwaani na Paul Rodgers, na baadaye Adam Lambert, waliandika jina la mgeni kwenye bango pembeni ya lao, kila mtu akajua anachokwenda kusikiliza.

Kwa wapenzi wa dansi hapa Tanzania jambo hili si geni. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hatimaye Msondo Ngoma, jina likifuata mabadiliko ya mwenye mali huku waimbaji wakihama na kurudi. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka huko kwenda Mlimani Park, yaani Sikinde, hakwenda kuiga mtu. Nyimbo nyingi zilizoijengea Sikinde heshima zilitungwa na watu waliotoka bendi nyingine, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo si nyimbo za Sikinde. Viongozi wa bendi zetu wanaosaka leo kijana mwenye sauti "kama ya marehemu" wangefanya vema kumuuliza kwanza ana nyimbo ngapi.

Christine McVie alifariki Novemba 2022. Mwaka uliofuata Nicks alieleza kwamba bila Christine haoni sababu ya bendi kuendelea. Fleetwood na John McVie, wenye jina, bado wapo, na wapiga kinanda hodari wa kukodi hawakosekani Los Angeles. Nadhani Nicks yuko sahihi: aliyeondoka safari hii alikuwa mtunzi, na kwa muda mrefu hakuna mtunzi mwingine aliyekuwa akiandaliwa kukaa hapo.