Sera ya Nje Ianzie Kwenye Ugali

Wanachuo wenzangu, tuache kudhani mambo ya nje ni ya mabalozi tu. Nenda Mikumi jioni, kaa kwa mama ntilie kando ya barabara kuu ya Zambia. Madereva wanne, sahani nne, mada ni vita ya Kongo, foleni ya Tunduma na bei ya dizeli. Hakuna projekta, hakuna posho, ila hoja zinajengwa kwelikweli.

Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimezuia ya kwetu. Siku chache baadaye zuio likaondolewa. Mchele ulikuwa kati ya bidhaa zilizozuiwa na Malawi, na Kilosa wanalima mpunga. Mkulima akiuliza, "Sasa hii inanihusu nini?", mwalimu awe na jibu.

Sisi wa ualimu sera ya nje tuliikariri kwenye GS ili tufaulu. Tukifundisha hivyohivyo, tutazalisha wakariri wengine. Na makongamano ya ukumbini hayatoshi: watu mia tatu, wanaongea walewale watatu. Mezani kwa watu sita, hata mkimya anasema.

Napendekeza kila Alhamisi usiku, hosteli: watu sita, sufuria moja, mada moja, swali moja. Inamgusaje mtu wa Kilosa? Mleta mada asome kwanza. Anayepinga atoe sababu, siyo kelele. Mboga tuchange, hoja kila mtu aje na yake.