Majedwali ya Excel: viongozi wa ofisi waache kumlaumu mhasibu

Wengi husema ordinatere haikosei. Uingereza iliona kinyume mwezi wa kumi 2020: wagonjwa 15,841 wa Covid-19 hawakuingia katika hesabu ya kila siku kwa wakati. Orodha zao zilipitishwa katika faili za Excel za aina ya zamani, .xls, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Hatari ya namna hiyo inaikabili ofisi yoyote ya Bukavu, Bunia ao Butembo ambako ordinatere moja ina Excel 2003 na nyingine Excel 2021. Mhasibu akihifadhi jedwali la matumizi upya kama .xlsx, jedwali la bajeti linaweza kuendelea kusoma faili ya zamani. Halilalamiki, linaonyesha tu feza za mwezi uliopita. Fomula mpya kama RECHERCHEX, ikihesabiwa upya katika toleo la zamani, inatoa #NOM?.

Kurekebisha si kazi kubwa: katika menyu ya Données, viungo vinaelekezwa kwenye faili mpya. Lakini kesho kosa litarudi kama kila mtu anahifadhi apendavyo. Uamuzi ni wa viongozi: aina moja ya faili, folda moja, na fomula ambazo hata toleo la zamani linazijua. Mshahara ao dawa zikikosekana kwa sababu ya kiungo kilichokatika, mhasibu asibebeshwe mzigo peke yake.